Siku Triza Alipotembeza Tenti

Tenti haisimamishwi na vyuma. Inasimamishwa na mtu anayesema "sasa". Akisema mapema, upande mmoja unainuka na mwingine unabaki umelala. Akichelewa, vijana wanachoka mikono na kuanza kutukaniana ukoo. Na asipokuwepo kabisa, unabaki na kitambaa kikubwa cheupe chini na mteja anayekutazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kipofu.

Kwangu mimi aliyekuwa akisema "sasa" ni Maina. Alinisimamia kazi miaka mingi, mpaka akapata kibarua Qatar cha kujenga vitu virefu kuliko tenti zangu. Tulimwombea, tukala chapati, akaenda. Aliniachia koti la njano linalomulika, filimbi, na pengo.

Watu huniita Mama Kate. Stoo yangu iko Mbotela, ukitoka barabara ya Jogoo unafuata harufu ya samaki wa kukaanga mpaka uone viti vimepangwa hadi vinataka kugusa waya wa stima. Nilianza kwa kuosha sahani kwenye harusi za watu. Tenti yangu ya kwanza ilichukuliwa na upepo pale Umoja, nikaikuta imefunika nyumba ya jamaa aliyeniambia ni jibu la maombi yake. Baba Kate naye aliondoka na pikapu yangu ya kwanza, na mpaka leo nikiamka vibaya namkumbuka: ilikuwa pikapu nzuri sana.

Kwa hiyo pengo la Maina halikunitisha. Kilichonitisha ni Mzee Mureithi.

Mzee Mureithi ni mwenyekiti wa wazee wa kanisa letu, na shughuli zote za waumini, za kucheka na za kulia, hupitia kwake. Alikuja stoo na mwavuli wake anaoutembeza hata jua likiwaka.

"Mama Kate," akasema, "kanisa limechoka kutafuta tenti kila wiki kama mtu anayeazima chumvi. Tunataka mtu mmoja wa kazi zote."

"Huyo mtu unamtazama, mzee."

"Ninamtazama, na namwona mmoja. Siku tukiwa na harusi Buruburu na msiba kwingine, utajigawa?"

"Nina watu."

"Una wafanyakazi. Nauliza kama una mtu." Akagonga kiti changu kwa mwavuli. "Mimi ningependa iwe wewe. Lakini wako wazee wanaomtaka yule kijana wa Donholm mwenye viti vya kuegemeza mikono. Siku ya kwanza shughuli mbili zikigongana ndiyo itaamua."

Akaondoka. Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa: nipate wa kusimamia kazi nisipokuwepo, au kanisa liende Donholm, na bila kanisa stoo yangu ni ghala la viti vya kukalia panya.

Nilimchagua Gachanja. Ungekuwepo, hata wewe ungemchagua. Gachanja ndiye dereva wetu, ana kifua, na sauti yake akiongea Mbotela watu wa Makadara wanaitika. Nilipompa koti la Maina lilimkaa kana kwamba alizaliwa nalo.

"Wasee, niaje," akawaambia wenzake. "Kuanzia leo ni filimbi moja simameni, mbili inueni."

"Na tatu?" akauliza Wanyonyi, kijana wetu wa kubeba vyuma, mtu mkubwa mwenye roho ya kifaranga.

"Tatu ni ya kukufuta kazi."

Tulicheka. Triza naye alicheka, kule nyuma kwenye karai. Triza Nabiswa ndiye aliyekuwa akifua na kupiga pasi vitambaa vya viti. Mwanamke mfupi, mpole, anayefunga leso kichwani hadi kwenye nyusi. Nilikuwa nimemwajiri kitambo na kama ungeniuliza habari zake ningekwambia kwamba doa la mchuzi halimshindi. Basi.

Jumamosi hiyo tulikuwa na ruracio Buruburu. Mahari, kwa wasiotoka kwetu. Familia ya binti ilikaa katika moja ya nyumba zile za ghorofa moja zenye ua mdogo wa saruji mbele na geti la chuma la milango miwili. Na desturi ni hii: watu wa kijana wakifika hawafunguliwi. Wanasimama nje, wanawake wao wanaimba wakiomba kuingia, wanawake wa ndani wanajibu kwa wimbo wakiuliza nyinyi ni nani na mnataka nini. Wanataniana hivyo mpaka wenyeji waridhike, ndipo geti linafunguliwa na watu wanakumbatiana.

Mimi nilikuwa juu, chumba cha mama ya binti. Alikuwa amepatwa na kiwewe cha mwisho na kunishika mkono akiniuliza kama mapazia yanaonekana ya bei rahisi. Dirisha lilitazama uani. Ngazi ilikuwa imejaa mashangazi na masufuria, kupanda ulipanda, kushuka ni majaliwa.

Wimbo ulikuja ukaisha. Ukajibiwa ukaisha. Vigelegele vikapigwa. Kila mtu akatazama geti lifunguke.

Halikufunguka.

Nikainama nikaona. Saruji haipigiliwi vigingi, kwa hiyo kamba za tenti hufungwa kwenye chochote kizito. Na Gachanja, Mungu amlinde, alikuwa amekiona kitu kizito kuliko vyote pale uani na kukifunga vizuri kabisa. Kamba kuu ya mbele ilizunguka milango yote miwili ya geti kwa fundo la baharia. Ukilazimisha geti, unavuta tenti. Ukikata kamba, upande wa mbele unawaangukia wazee wa ukoo waliokaa chini yake na suti zao.

Nje palianza kunyamaza vibaya. Nilimsikia mjomba mmoja wa kijana akisema, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika, "Kwani wamebadilisha nia?"

Gachanja alipiga filimbi. Moja. Halafu mbili. Vijana wakakimbia huku na huku, mmoja akiinua, mwingine akisimama.

"Wanyonyi, fungua hiyo kamba."

"Nikifungua itaanguka."

"Basi usifungue."

"Na geti?"

"Fungua."

Mimi juu nilifungua mdomo nipige kelele. Lakini ukipiga kelele dirishani siku ya ruracio kila mgeni anajua kuna balaa. Nikaufunga. Na ndipo nilipoona kitu ambacho pengine kilikuwa mbele ya macho yangu kila siku.

Wanyonyi hakumtazama Gachanja. Wala hakuniangalia mimi. Alimtazama Triza, aliyekuwa akifunga ribbon kwenye kiti cha baba wa binti. Kijana wa kamba, Mbithi, naye akamtazama Triza. Hata Shiru, mpishi wetu, aliyekuwa ameshika mwiko na hana uhusiano wowote na kamba, aligeuza shingo upande ule ule. Kama kuku wote wanaosikia kopo la mahindi.

Triza aliiacha ribbon. Hakukimbia. Alipita kwa Wanyonyi akamwambia neno, Wanyonyi akakumbatia chuma cha pembeni. Akamgusa Mbithi bega, akamweka kwenye chuma cha pili. Kisha badala ya kwenda getini alienda kwa shangazi aliyekuwa akiongoza nyimbo, akainama sikioni. Yule shangazi akatazama geti, akatazama kamba, akaelewa. Akavuta pumzi na kuanzisha wimbo mpya, kuwauliza walio nje wataje majina yao wote, mmoja mmoja, na ukoo wa kila mmoja.

Nje wakaangua kicheko. Kumbe ni mchezo. Kumbe hawa watu wana binti wa maana. Wakaanza kujitaja kwa wimbo, kuanzia babu, na walikuwa wengi. Walipofika kwa binamu wa mwisho, kamba ilikuwa imeshafunguliwa na kila mguu wa tenti ulikuwa na mtu. Geti likafunguka kama la ikulu.

Yule mjomba aliniambia baadaye, mdomo umejaa mukimo, kwamba hajawahi kuona nyumba inayolinda binti yake namna hiyo.

Jumatatu nilimfuata Triza kwenye karai.

"Ile siku nani alikutuma getini?"

"Hakuna." Akaendelea kukamua kitambaa. "Nimekosea?"

"Wanyonyi ulimwambia nini?"

"Nilimwambia akumbatie hicho chuma kama ndicho kinaolewa na yeye hataki."

"Na yule shangazi?"

"Nilimwambia wageni wamefika wengi na sisi hatujawajua majina. Ilikuwa kweli."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Triza, umewahi kuongoza nini?"

"Mimi?" Akacheka. "Ng'ombe, huko Kimilili. Na hao walikuwa wanajua njia."

"Nataka ushike kazi ya Maina."

Mikono yake ikasimama majini. "Mama Kate, usinicheke asubuhi."

"Nacheka kila asubuhi, lakini si kwa hili."

"Gachanja je?"

Angalia mtu huyo. Nimempa cheo na swali lake la kwanza ni la aliyenyang'anywa. Hapo ningepaswa kujua ni mtu wa namna gani, lakini mimi nikifurahi huwa sisikii.

"Gachanja atarudi kwenye usukani," nikasema.

"Mimi sina sauti."

"Sauti tunayo." Nikamtolea filimbi mfukoni, na koti la njano nikamvika mwenyewe. Lilimfika magotini.

Gachanja alipomwona alivua kofia. "Madam," akasema, "tupige saluti na mguu gani?"

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ndogo, mkutano wa akina mama katika uwanja wa kanisa, kutembea tu kutoka stoo. Nikaenda kumtazama. Nilisimama katikati ya uwanja nikiwa nimekunja mikono, ili asione haya kuniuliza lolote.

Kwanza alipiga filimbi kwa nguvu mpaka mbwa wakaitika. Kisha akashika kiuno na kusema, "Mnadhani tumekuja kuota jua hapa?"

Nikageuka kuona nani kasema. Hayo ni maneno yangu. Na kiuno kile, kile cha mkono mmoja na kidole kimenyooka, pia ni changu. Nimekishika hivyo tangu Baba Kate aondoke.

"Wanyonyi, unatembea kama bibi harusi," akaendelea. Hiyo nayo nilikuwa nimeisema wiki iliyopita, ila nilipoisema mimi Wanyonyi alicheka. Sasa alitazama viatu vyake. Na kila baada ya kusema kitu, Triza alinitupia jicho, kama mtoto anayesoma kwa sauti mbele ya mwalimu. Akisubiri jicho langu, vijana wanamsubiri yeye, tenti inamsubiri kila mtu. Ilipanda hatimaye, imeinamia upande wa choo.

"Tulikuwa na Mama Kate mmoja," nilimsikia Gachanja akimwambia Mbithi. "Sasa wako wawili, na mmoja hajakomaa."

"Triza amepatwa na nini?" Wanyonyi akauliza, kwa huzuni ya kweli.

Niliwaambia wanyooshe tenti, na wakaacha kila kitu wakanisikiliza mimi. Triza akabaki amesimama na koti lake.

Na dunia haijui kungoja mtu ajifunze. Jioni hiyo Mzee Mureithi alipiga simu. Mama mzazi wa Kweyu, muumini wetu wa mtaa wa Fedha, alikuwa amefariki. Mwili ungetoka mochari Jumamosi, upite nyumbani Fedha kwa ibada, kisha uanze safari ya kwenda kuzikwa magharibi.

"Jumamosi hii?" nikauliza. "Buruburu kuna sherehe ya mahafali ya yule binti wa katibu wa kanisa."

"Ndiyo," akasema Mzee Mureithi, na nilisikia mwavuli ukigonga sakafu upande wa pili. "Ndiyo hiyo siku tuliyoizungumza. Mimi nitakuwa Fedha. Utaweza?"

"Tutaweza," nikasema, na nilipokata simu nikajiuliza hao "tu" ni akina nani.

Ijumaa Triza alinifuata ndani ya stoo, koti limekunjwa vizuri mkononi, filimbi juu yake kama yai kwenye kiota.

"Chukua, Mama Kate. Tafadhali. Nitakuharibia."

Nikanyoosha mkono. Nasema ukweli, nilikuwa naenda kulichukua na kumpa Gachanja, na kumwagiza asifunge kitu kwenye geti. Lakini kuna swali lilikuwa linanikwaruza tangu kule uwanjani.

"Triza, siku ile ya Buruburu, ulinitazama ukapata ruhusa?"

"Hapana. Ulikuwa juu. Sikukuona."

"Na vijana uliwaongelesha kama nani?"

Akafikiri. "Sijui. Niliwaongelesha tu."

Nikakaa kwenye bunda la vitambaa. Kumbe mimi, kwa mapenzi yangu yote, nilikuwa nimemchukua mtu anayefuatwa na watu bila kuwaita, nikamvika koti la mwanamume aliyeko Qatar, nikampa mlio wa trafiki, kisha nikasimama mbele yake kama kioo.

Nikachukua koti. Nikachukua na filimbi. Akashusha pumzi, mabega yakashuka.

"Haya," nikasema. "Kesho Fedha ni kwako bila hivi vitu. Mimi sitakuja kusimamia, na sitapiga simu."

Mabega yakapanda tena. "Na kukitokea shida?"

"Itakuwa yako."

"Mama Kate, kanisa lote litakuwa pale. Mzee Mureithi."

"Najua. Ndiyo maana naogopa kuliko wewe. Lakini wale watu wakipotea wanakutazama wewe, na hata nikisimama juu ya meza hawatanitazama mimi. Nimewaona kwa macho yangu. Wewe tu ndiye hujajiona."

Akakunja ncha ya leso. Nje Shiru alikuwa akikwangua sufuria. Hatimaye Triza akainua uso, na haikuwa sauti yangu aliyotumia.

"Basi nichague watu mwenyewe."

"Chagua."

"Wanyonyi na Mbithi. Na Gachanja."

"Gachanja? Anakucheka mchana kutwa."

"Anacheka kwa sauti kubwa," akasema Triza. "Na Fedha nyumba zimebanana, watu watakuwa wengi. Nitaihitaji hiyo sauti. Halafu ana uchungu, Mama Kate. Ulimvua koti mbele ya watu na hukumwambia neno. Nitaongea naye."

Hilo lilinipata mahali. Nikamwambia aende akaongee naye.

Jumamosi Buruburu kila kitu kilienda sawa, na hiyo ndiyo shida ya kazi inayoenda sawa, inakuachia nafasi ya kuwaza. Nilimpa Shiru simu yangu.

"Ukiniona naitafuta, nipige mwiko."

"Nikupige kweli?"

"Usiniue. Nipige tu."

Alinipiga mara kadhaa, na sidhani kama zote zilikuwa za lazima. Mchana wingu likajikunja upande wa Embakasi, jeusi kama sufuria la githeri, na Fedha iko huko huko. Wageni wangu walikuwa wanakula, keki imekatwa, binti anapiga picha na kofia yake. Nikamwambia Shiru naenda Fedha.

"Si ulisema hutaenda?"

"Nilisema sitaenda kusimamia. Naenda kutoa pole. Unataka nisitoe pole kwa Kweyu?"

"Chukua mwavuli wa kutolea pole," akasema Shiru.

Nilipanda bodaboda. Tulipofika Fedha mvua ilikuwa inamwagika haswa. Nikashukia mwanzo wa ile barabara ya ndani iliyo kati ya maghorofa, nikajibanza kando ya kibanda cha bawabu mahali nilipodhani sionekani, na nilichokiona kilinifanya nishike kifua.

Mtaro ulikuwa umefurika. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yanateremka moja kwa moja chini ya tenti kuu, na tenti ilikuwa imejaa waombolezaji, akina mama waliovaa sare, wazee, jamaa waliotoka mbali na viatu vyao vizuri ndani ya maji. Pale mbele, meza ya kuwekea jeneza ilikuwa imesimama majini kama kisiwa. Na nyuma yangu, kwenye lami, nilisikia honi fupi ya heshima. Gari la maiti lilikuwa limewasha taa, linageuka kuingia.

Palikuwa na sehemu kavu upande wa juu wa barabara, karibu na geti la Kweyu mwenyewe, mahali palipoinuka. Lakini tenti ilikuwa chini. Kuvunja tenti na kuisimamisha upya ni kazi ya asubuhi nzima. Miguu yangu ilianza kwenda yenyewe, ikanifikisha katikati ya barabara.

Ndipo nikamwona Triza. Alisimama kwenye maji mpaka kwenye vifundo, leso kichwani, hana koti. Alikuwa anaongea na Gachanja kwa sauti ya chini, na Gachanja alikuwa ameinama kumsikiliza, huyu mtu ambaye sijawahi kumwona akiinama kwa yeyote. Kisha akanyooka.

"Mama zetu, wazee wetu," sauti yake ikatoka, kubwa lakini laini, sikujua anayo hiyo. "Dada yetu hapa anasema mgeni wetu mkuu amefika, na hatuwezi kumpokea kwenye matope. Hakuna atakayenyeshewa. Tunahama na nyumba yetu. Kila aliye karibu na chuma, akishike. Akina mama, dada anaomba wimbo, ule wa taratibu."

Triza alikuwa tayari anapita katikati yao. Alimgusa huyu bega, akamsogeza yule. Aliwaweka vijana wa ukoo upande wa upepo, wawili akawabebesha meza ya jeneza. Akina mama wenye watoto akawaingiza katikati. Alimnong'oneza mwanamke mmoja mnene wa kwaya, na wimbo ukaanza, mzito, wa kukanyagia hatua. Alirudi kwa Gachanja, akasema neno.

"Inueni kidogo tu," Gachanja akasema. "Mpaka mguu uache ardhi."

Triza akatazama huku na huku, miguu yote. Akasema kitu kimoja, na hicho sikuhitaji kusikia, nilikisoma midomoni.

"Sasa."

Na tenti ikatembea. Jamani, mimi nimekaa kwenye hii biashara mpaka nywele zikaniaga, sijawahi kuona tenti ikitembea na watu chini yake. Ilipanda barabara polepole, nyeupe, ikiyumba kama mama mjamzito, na wimbo ukitoka chini yake, na mvua ikiipiga juu bila kumpata mtu.

Wanyonyi, aliyeshika chuma cha mbele, aliniona. Macho yetu yalikutana waziwazi. Mimi ndiye mwajiri wake, mimi ndiye ninayemlipa. Alinitazama kama mtu anayetazama bango la barabarani, kisha macho yake yakarudi kwa Triza kuuliza wapi pa kukanyaga.

Sijawahi kupuuzwa nikafurahi namna ile.

Triza naye akageuka kufuata macho ya Wanyonyi. Nikajaribu kufunika uso na mwavuli. Alinijia moja kwa moja, maji yanamtoka nyusini.

"Mama Kate."

"Nimekuja kutoa pole."

"Asante. Lakini umesimama njia ya gari la maiti. Linashindwa kupita." Hakusema kwa ukali wala kwa kuomba. Alisema tu. "Na mguu wa nyuma, upande ule, una mzee mmoja peke yake. Naona mikono inamtetemeka. Msaidie, kisha utatoa pole."

Hakuniangalia kuona kama nimekubali. Alikuwa ameshakwenda kumwelekeza dereva.

Nikafunga mwavuli nikakimbia kwenye mguu wa nyuma. Mzee aliyeushika alikuwa Mzee Mureithi, kofia imelowa, mwavuli wake mwenyewe ameuninginiza shingoni kwa mpini ili mikono yote iwe huru. Nikashika chuma chini ya mikono yake. Kutoka pale nyuma hukuona mbele hata kidogo, ni migongo ya watu tu na kitambaa. Tulikwenda tukifuata wimbo.

"Mama Kate," akahema. "Huyu mama umemtoa wapi?"

"Stoo kwangu. Alikuwa anafua vitambaa."

"Na mbona ulimficha?"

"Sikumficha, mzee. Sikuwa nimemwona."

Akatembea kidogo, akifikiri. "Na yule mwenye sauti si ndiye aliyefunga geti la Buruburu? Habari zilinifikia."

"Ndiye."

"Amekuwaje?"

"Amepata mtu wa kumsikiliza. Tena kijana wenu wa Donholm, mzee, viti vyake vya mikono vingekuwa vinaelea sasa hivi."

Mzee Mureithi alitaka kucheka, akakumbuka ni msiba, akakohoa. "Nitaongea na wazee," akasema. "Ila nitawaambia wazi kwamba kazi tumempa yeye, si wewe."

"Mwambieni mwenyewe. Mimi leo ni mtu wa mguu wa nyuma."

"Huko nyuma," sauti ya Gachanja ikaja juu ya wimbo, kwa adabu zote. "Dada anasema mazungumzo mtamalizia kwenye chai. Mnalemea kulia. Sogeeni kushoto."

Tukanyamaza wote wawili, mwenyekiti wa wazee na mwenye tenti, tukasogea kushoto.